Simu ni yako, nywila ni ya nani? Maswali ya darasa la jioni, Lamu

Ukurasa huu umetoka kwenye daftari. Kila jioni tukimaliza darasa la ujuzi wa kidijitali hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, huandika maswali niliyoulizwa, na baada ya misimu kadhaa nimegundua kuwa wanaobadilika ni waulizaji, maswali ni yale yale. Nimeyapanga kuanzia mepesi. Jambo nililolijibu mahali pamoja sitalirudia, nitakuelekeza lilipo.

## Mwanzo kabisa

Huo "ujuzi wa kidijitali" ni kitu gani hasa? Ni kujua kompyuta?

Ni kuweza kufanya kazi yako kwa kifaa chochote ulicho nacho bila kumkabidhi mtu mwingine siri zako. Kompyuta ni kifaa kimojawapo tu. Wengi wakilisikia neno hili hudhani tunazungumzia kuandika programu, wakajitoa mapema. Shirika la IFC, lililo chini ya Benki ya Dunia, lilichunguza nchi tano za Afrika mwaka 2021, Kenya ikiwamo, likakadiria kwamba kufikia 2030 nusu ya kazi za Kenya au zaidi kidogo zitahitaji ujuzi huu. Lakini sehemu kubwa ya mahitaji hayo katika nchi zile, kama asilimia 70, ni ujuzi wa msingi: kutafuta habari, kujaza fomu, kutuma na kuhifadhi kumbukumbu, kulipa na kulipwa.

Kipimo changu ni rahisi kuliko cha IFC. Hesabu mwezi huu umemlipa mtu wa saiba (duka la kompyuta na intaneti) mara ngapi, au umemsumbua mtoto wa dada yako mara ngapi, akufanyie jambo kwenye simu yako mwenyewe. Hesabu hiyo ndiyo pengo lako.

Natumia WhatsApp kutwa. Si tayari najua?

Unajua nusu, na si haba, maana kidole kimeshazoea. Nusu iliyobaki huonekana siku ya kazi. Mtu anaombwa wasifu wake, anatuma picha ya karatasi iliyokunjwa, imelazwa juu ya kitanda. Mwajiri anaona foronya kabla hajaona shule uliyosoma. Simu hiyohiyo ingeweza kuskani karatasi ikatoka PDF safi kwa dakika moja. Au mteja anauliza risiti ya mwezi uliopita, unaanza kupekua picha elfu mbili za maulidi na harusi. Kuziita faili kwa majina na kuzipanga kwenye folda hakuna anayekusifia, lakini ndiko kunakotenganisha anayetumia simu na anayeifanyia kazi.

Nina miaka 58. Sijachelewa?

Hujachelewa. Kinachowarudisha nyuma watu wazima ni aibu, hasa ya kuulizauliza mbele ya vijana. Ndiyo maana watu wazima hukaa pamoja, na darasa lina sheria moja isiyovunjwa: mwalimu hagusi simu ya mwanafunzi. Kijana akikunyang'anya simu akasema "lete nikufanyie", umefanyiwa, hukufundishwa.

Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Nitaweza?

Utaweza. Ingia Mipangilio ya simu, tafuta Lugha, chagua Kiswahili. Wiki ya kwanza utachoka na "kivinjari", "pakua" na "nywila" (neno la siri), kisha utazoea. Unaweza pia kuandika kwa kusema: kibodi ya Google huelewa Kiswahili. Haijui Kilamu lakini, kwa hiyo ukitaka ikuelewe sema "nchi", "nti" waachie wenyewe barazani.

Sitakudanganya kwamba Kiingereza hakihitajiki kabisa. Fomu nyingi za kazi bado ni za Kiingereza. Tunayo orodha ya maneno kama 40 yanayojirudia kwenye fomu hizo, nasi tunayasoma kama msamiati wa chuoni, kwa moyo.

Nianze na simu au kompyuta?

Simu, isipokuwa unatafuta kazi ya ofisini.

Darasa huchukua muda gani, na huwa lini?

Wiki sita, jioni mbili kwa wiki. Msimu mzuri ni kusi inapokaza, baina ya Mei na Julai: mashua ndogo hazitoki ovyo, wageni ni wachache, na watu wa hoteli wana nafasi. Kaskazi ikivuma na wageni wamejaa hatupati mtu. Ramadhani tunasoma baada ya tarawehe. Wiki ya Maulidi hatusomi, tafadhali usiniulize.

## Kazi kwa kazi

Ninasimamia nyumba ya wageni Shela. Kitu gani nijifunze kwanza?

Ramani, kalenda na majibu, kwa mpangilio huo.

Ramani kwanza kwa sababu mji wetu ni vichochoro. Mgeni ashukaye gatini hawezi kuambiwa "nyumba nambari fulani, barabara fulani". Kuiweka nyumba kwenye Ramani za Google ni bure. Kazi ni kusimama mlangoni na kuweka alama palepale, si juu ya paa la jirani, kisha kuongeza picha ya mlango wenyewe. Milango ya Lamu haifanani, mgeni ataujua. Nimeona nyumba nzuri ambayo alama yake ilikuwa baharini, na mwenyewe alikuwa akiwalaumu wabeba mizigo.

Kalenda ndiyo huleta ugomvi. Chumba kimoja kikitangazwa Airbnb na Booking.com, pande mbili zinaweza kukiuza usiku mmoja. Tovuti hizi huruhusu kuunganisha kalenda zao kwa kiungo, na kila meneja anapaswa kujua kiungo hicho kiko wapi. Ila ujue hazisomani papo hapo. Zinaweza kupita saa kadhaa. Kwa hiyo msimu wa wageni wengi, ukipata nafasi iliyouzwa upande mmoja, ingia upande wa pili ufunge mwenyewe kwa mkono. Usiku mmoja wa kumtafutia mgeni mahali pengine saa nne, mizigo juu ya punda, hutausahau.

Majibu: jibu swali la mgeni mapema, kwa sentensi fupi. Andaa majibu ya maswali matano yanayorudi (mashua kutoka uwanja wa ndege wa Manda, maji moto, kiamshakinywa, mavazi mjini, malipo) uyahifadhi uwe unayanakili.

Mimi nahodha. Simu itanisaidia nini baharini?

Mambo mawili. La kwanza, simu hujua ilipo kwa setilaiti, haihitaji bando. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani. Pakua ramani ya eneo lako ungali mjini, kisha hata nyuma ya Kiwayu pasipo mtandao utaona ulipo. La pili, hali ya hewa: Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa bahari, na zipo programu zinazoonyesha upepo kwa saa. Zisome, kisha utazame mawingu kama babako alivyotazama. Zikikinzana, usitoke.

Na ununue mfuko wa plastiki wa kuzuia maji. Sababu utaiona kwenye swali la simu iliyozama.

Nashona kofia nyumbani na sitaki uso wangu mtandaoni. Nitauzaje?

Uso wako hauuzi kofia. Piga picha ya kofia kwenye mwanga wa asubuhi dirishani, moja kamili, moja ya karibu ionyeshe mshono, na moja ya mkono wako ukishona. WhatsApp ya biashara ina katalogi: kila kofia picha yake, bei yake, na siku zinazohitajika kuishona. Hilo la siku liandike waziwazi. Mteja wa Nairobi hajui kwamba kofia nzuri huchukua miezi, ataona bei akadhani unamchuna.

Kuhusu faragha, ingia Mipangilio, Faragha, uweke picha yako ya wasifu ionekane kwa unaowajua tu, au uweke picha ya kofia. Wachongaji milango na washonaji makubadhi wa Siyu wanaweza kufuata njia hiyohiyo.

Nina duka. Nitumie nambari yangu ya kawaida ya M-Pesa, Pochi, au Till?

Yoyote isipokuwa ya kawaida. Pesa ya duka ikichanganyika na pesa ya nyumbani, mwisho wa mwezi huwezi kujua kama duka linakulisha au wewe unalilisha. Pochi la Biashara huanzishwa kwa *334# na kutenga pesa ya kazi kwenye laini hiyohiyo. Till, yaani nambari ya duka ya Lipa na M-Pesa, inafaa duka lenye wauzaji zaidi ya mmoja.

Hapo ndipo watu huniuliza, kwa sauti ya chini, kuhusu eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Tangu Januari 2024 mnunuzi mwenye biashara hawezi kuhesabu gharama kwenye kodi yake bila ankara ya eTIMS. Maana yake hoteli inayonunua samaki na mboga kwako itakuomba ankara, na ukishindwa itahamia kwa anayeweza. Zipo njia za simu, ikiwamo *222#. Ni ujuzi wa alasiri moja. Wenye mauzo yasiyozidi milioni 5 kwa mwaka wanaweza kutolewa ankara na mnunuzi mwenyewe. Mwulize mhasibu wa hoteli kabla hujaacha biashara.

Ofisini naambiwa "jua Excel". Nijue nini humo?

Kupanga safu, kuchuja, na kujumlisha. Ukiweza kuandika =SUM(B2:B30) na ukaelewa kwamba maana yake ni "jumlisha kutoka kisanduku B2 hadi B30", umeshaingia. Mengine huja kwa kazi. Nimewaona makarani wanaojumlisha kwa kikokotoo pembeni halafu wanaandika jibu kwenye lahajedwali kwa mkono. Nambari moja ikibadilika, jumla inabaki ya jana.

## Serikali, saiba na nywila

Mtu wa saiba ndiye anayejua nywila yangu ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) na ya KRA. Kuna ubaya?

Upo, na hili ndilo swali ambalo ningefuta mengine yote nikaliacha peke yake.

Sisemi watu wa saiba ni wezi. Wengi wametubeba kwa miaka, na ningali nawapelekea kazi ya kuprinti. Lakini tazama inavyokuwa: barua pepe ameifungua yeye, kwa jina alilobuni yeye, nywila ameiandika kwenye daftari lake, na nambari ya kuthibitisha imekwenda kwenye simu yake. Siku akihama kwenda Mombasa, amehama na leseni yako, cheti cha kuzaliwa cha mwanao na kodi yako. Mwanafunzi wangu mmoja alikosa kazi bandarini kwa sababu barua ya kumwita mahojiano ilikaa wiki mbili kwenye barua pepe ambayo hakujua kuifungua. Si kwamba hakuitwa.

Kazi ya wiki ya kwanza darasani ni hii: kila mmoja anafungua barua pepe yake kwa mkono wake, anaandika nywila yenye maneno matatu yasiyohusiana (si jina la mtoto na mwaka), na anabadilisha nambari ya simu kwenye eCitizen iwe yake. Ukitaka kuiandika, iandike kwenye karatasi ukaiweke unapoweka hati ya nyumba. Malipo ya huduma za eCitizen hupitia Paybill 222222. Mtu akikupa nambari yake binafsi kwa "malipo ya serikali", funga mkoba.

Sina kazi wala mapato. Kwa nini nijaze fomu za KRA?

Kwa sababu PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi) ikishakuwa hai, ripoti ya kodi inatakiwa kila mwaka kufikia Juni 30, hata kama ni ya sufuri. Ukichelewa, faini ya mtu binafsi huanzia shilingi 2,000. Vijana wengi walichukua PIN kwa ajili ya mkopo wa chuo wakaisahau. Ripoti ya sufuri huchukua dakika tano. Ukiwa na mapato, usijaze sufuri.

Laini yangu imesajiliwa kwa jina la kaka yangu. Niiache tu?

Usiiache. Anayetambuliwa kisheria kuwa mwenye M-Pesa hiyo ni kaka yako, na nambari za kuthibitisha eCitizen zinategemea laini hiyo. Kaka akifa au mkigombana, umekwama. Nendeni pamoja dukani na vitambulisho mkabadilishe. Wa Safaricom wanaweza kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Wengi hukuta moja wasiyoijua.

## Usalama

Nimepata ujumbe wa pesa, kisha mtu akapiga akilia kwamba amekosea. Nimrudishie?

Usirudishe kwa mkono wako. Tazama kwanza salio. Ujumbe wa kweli huingia kwenye mazungumzo yaleyale ya MPESA, hautoki kwenye nambari ya mtu. Hata kama pesa imeingia kweli, mwambie apeleke ujumbe wake kwenye 456, Safaricom itairudisha kwa utaratibu. Mkweli atakubali. Tapeli atakuharakisha, na haraka ndiyo silaha yake: atataja mtoto hospitalini, atataja Mungu.

Wanaweza kuiba laini yangu bila kuishika?

Wanaweza, kwa kwenda kuisajili upya kwenye kadi nyingine wakijifanya wewe. Piga *100*100# uzuie laini ya Safaricom isibadilishwe na wakala. Kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke tarakimu sita. Na nambari ya kuthibitisha iliyokuja kwenye simu yako haisomwi kwa mtu yeyote, hata akiwa ni shekhe wa msikiti wenu anayeandika, kwa sababu huenda WhatsApp ya shekhe ndiyo iliyoibwa jana.

Simu imezama. Nimepoteza kila kitu?

Inategemea ulifanya nini kabla. Mimi yangu iliniponyoka nikishuka mashua Mokowe, na kwa miaka mitatu nilikuwa nikiwafundisha watu kuhifadhi nakala ilhali yangu sijaiwasha. Picha zote za marehemu bibi yangu zilikwenda. Kwa hiyo hili nalifundisha kwa uchungu: akaunti ya Google hukupa GB 15 bure, zinazogawanwa na barua pepe, picha na faili. Washa nakala za picha na za WhatsApp, zipandishwe kwenye Wi-Fi tu ili zisile bando. Kisha badilisha laini haraka.

## Waajiri

Nikimfundisha mfanyakazi, si atahamia hoteli nyingine?

Wengine watahama. Asiyefundishwa naye atabaki, akiuza chumba kimoja mara mbili. Chagua.

Kuna jambo ambalo waajiri wengi hulipia bila kulitumia. Mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo wa NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani), shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na upo utaratibu wa kudai kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Uliza masharti kabla ya mafunzo, si baada.

Wafanyakazi wangu hupiga picha pasipoti za wageni kwa simu zao. Sawa?

Si sawa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakufanya wewe kuwa mwenye dhamana ya taarifa hizo. Nunua simu moja ya mapokezi, yenye nambari ya siri, na picha zifutwe zikishaandikwa. Mhudumu akiacha kazi, asiondoke na pasipoti 300 mfukoni.

## Kazi za mtandaoni na akili unde

Kweli mtu anaweza kukaa Lamu akafanya kazi ya mtandaoni?

Anaweza, polepole. Kutafsiri, kuandika maneno ya sauti na kusimamia kurasa za hoteli ni kazi zinazofanyika hapa. Mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanza 2016, hutoa mafunzo bure. Miezi ya kwanza malipo ni madogo. Na kazi inayokutaka ulipe kwanza ndipo upewe kazi, hiyo si kazi.

Hizi akili unde kama ChatGPT zitatuondolea kazi?

Zitaondoa vipande vya kazi, hasa barua za kawaida na tafsiri nyepesi. Lakini hubuni bila haya. Nilimwomba mashine amwelekeze mgeni kutoka uwanja wa Manda hadi nyumba moja Mkomani. Akamwambia achukue teksi hadi mlangoni. Teksi, kutoka kisiwa hadi kisiwa, kisha kwenye kichochoro ambacho punda wawili hawapishani! Mwenye kazi ni yule anayejua kwamba jibu ni la uongo kabla halijamfikia mgeni. Iambie mashine ikuandikie rasimu, uisahihishe. Usiipe nywila, pasipoti wala hesabu za duka.

## Hali za pekee

Kisiwani kwetu mtandao ni wa kupanda mnazi. Nifanyeje?

Fanya kazi bila mtandao, utume ukiupata. Hati na lahajedwali za Google zinaweza kuwekwa zipatikane nje ya mtandao. Starlink, intaneti ya setilaiti, imefika Kenya tangu 2023, na kwa nyumba moja ni ghali, lakini kikundi kinaweza kuchangia.

Macho yangu ni dhaifu.

Kuza maandishi kwenye Mipangilio. Yasipotosha, simu za Android zina TalkBack, inayosoma skrini kwa sauti. Njoo tuiwashe pamoja, maana namna ya kugusa hubadilika.

Babangu husoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tu. Kuna nafasi yake?

Ipo, na wazee wa namna hii Lamu ni wengi kuliko fomu za serikali zinavyojua. Wanaandikwa "hajui kusoma" hali wamesoma maisha yao yote. Tunawaongezea kibodi ya Kiajemi kwenye simu, kwa sababu ile ya Kiarabu haionyeshi wazi p, ch na g ambazo Kiswahili kinazihitaji. Ya Kiajemi inazo. Kwa M-Pesa hujifunza tarakimu na mpangilio wa menyu kwa moyo.

Mzee mmoja alikaa jioni nzima akimwandikia dada yake aliyeko Mombasa mistari minne, akaisoma kwa sauti, akarekebisha mmoja, akatuma. Dada akajibu kwa ujumbe wa sauti: miwani ameisahau kwa jirani, amsomee mwenyewe.